Malaika Aliyetoa Mgongo

Katika karakana ile ya kuchora kwa mkono nakala za picha takatifu za kale za Italia, wote walimwita Shangazi, hata mwenye karakana aliyemzidi umri. Miaka kumi na tisa alikalia kigoda kilekile karibu na dirisha. Kila asubuhi alitenga kiini cha yai na ute wake, akakihamisha kiganja hadi kiganja mpaka kikauke juu, ndipo akakitoboa na kukikorogea rangi. Malaika walikuwa wake. Akichora bawa, unatamani ulipulize uone kama litapepea.

Wifi yake aliletwa hapo na yeye mwenyewe. Kaka yake alipofariki, alimshika mjane mkono akamwambia, "Njoo, wifi, kazi ipo na mikono unayo." Wifi akapewa sindano: kutoboa vitundu kufuata mistari ya mchoro kwenye karatasi. Karatasi hiyo hulazwa juu ya ubao, ikagongwa taratibu kwa kifuko cha unga wa mkaa, na mkaa ukapenya ukaacha nukta. Unganisha nukta, umempata malaika. Pembeni mwa kila karatasi wifi aliandika kwa penseli: *Upande huu juu.*

"Wifi, unaniandikia mimi?" Shangazi alikuwa akimtania. "Malaika huyu namchora hata nikifumba macho."

"Fumba, wifi, lakini soma kwanza."

Basi makao fulani ya wazee yakaagiza mbao mbili za kanisa lao dogo: malaika akae kushoto kwa altare, Bikira Maria kulia, wakitazamana, maana ndiyo siku Maria aliyopelekewa habari kwamba atamzaa Yesu. Mwenye karakana akamchukua Maria, Shangazi akamchukua malaika. Picha ya kufuatisha hata hakuibandika ukutani. Ilibaki kwenye droo. Wiki sita kila mmoja alichorea chumba chake hapo karakana, na kila ubao ukifunikwa kitambaa ili dhahabu isipate vumbi.

Siku ya kukabidhi alikuja sista mkuu, na bibi mmoja wa makao aliyesema hawezi kuletewa malaika ambaye yeye hajamkagua. Vitambaa vikavuliwa.

Maria alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Malaika alikuwa amempa mgongo, anaangalia mlango kama mtu anayetafuta choo.

"Wamegombana?" bibi akauliza.

Sista akashauri wabadilishwe pande. Wakahamishwa. Sasa Maria ndiye aliyempa malaika mgongo.

"Afadhali mwanzo," bibi akasema. "Na tazameni, anabariki kwa mkono wa kushoto!"

Mwenye karakana akageuka. "Shangazi, imekuwaje?"

Mdomo ukatangulia kichwa. "Karatasi ilitobolewa kinyume. Mimi nimefuata nukta."

Wifi alikuwa amesimama pale pale, ameshika sinia la brashi. "Mimi?" akasema. "Wifi, mimi?"

Shangazi akainama, akaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

Wifi akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa, na kila mtu pale alijua hakuna aliyewahi kuitwa. Akavua aproni akaitundika kwenye msumari. Sindano yake akaichomeka kwenye kizibo, akaondoka nayo.

Wageni walipokwisha kwenda, Shangazi aliingia stoo akaitoa ile karatasi. Upande mmoja ulikuwa laini, ndiko sindano ilikoingilia. Maneno ya penseli yapo, na pote peupe kama sahani iliyooshwa. Upande wa pili vitundu vimechomoza kama upele, na mkaa mweusi tii. Mkaa wake. Akakumbuka asubuhi ile: alikuwa akiwasimulia wenzake idadi ya malaika aliowachora, akailaza karatasi bila kuiangalia, maneno yakiwa chini.

Akaikunja, akaificha ndani ya gauni, chini ya kwapa. Jioni, akioga, aliona ubavu wake una nukta nyeusi. Kipande cha bawa kimehamia mwilini. Akasugua kwa dodoki hadi ngozi ikawaka. Nukta zilitoka, aibu ikabaki palepale. Siku tatu alikwenda kazini, na siku tatu kila yai alilolishika lilimpasukia.

Siku ya nne aliiweka karatasi juu ya meza mbele ya wote. "Penseli ni ya wifi," akasema. "Mkaa ni wangu. Nililijua hili siku ileile."

Mwenye karakana aliigeuza karatasi mara mbili. "Nenda kamwite. Mimi sina uso wa kumwendea."

"Hata mimi sina."

"Basi nenda bila uso."

Alimkuta wifi uani, anafua mashuka. Hakuambiwa karibu.

"Nimesema kweli, wifi. Mbele yao wote."

"Wote nani?"

"Watu wa karakana."

"Hao wananijua. Uongo uliusema mbele ya sista, na yeye ndiye aliyeniangalia kama kuku aliyekunya mezani. Kwake umekwenda?"

Shangazi akashika ncha ya pili ya shuka lililolowa. Wifi hakumnyang'anya, wakakamua, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka likaacha kudondosha.

"Nitakwenda," Shangazi akasema.

"Tutakwenda. Mimi sitasema kitu. Nitasimama nisikie."

Wakaenda. Shangazi aliyasema yote akiwa wima mbele ya sista, karatasi mkononi, na yule bibi akiwa mlangoni ametega sikio. Hakuruka neno, hata lile la kufumba macho. Sista akampa wifi mkono. Shangazi hakupewa, na hakuutazamia.

Malaika mwingine alichorwa. Safari hii aliyeilaza karatasi ni wifi. Yule wa kwanza hakuna aliyemtaka, kwa hiyo wifi akamwomba, akamtundika sebuleni kwake, mahali ambapo anampa mgongo kila anayekalia kiti cha wageni.

Shangazi akija kumsalimu, kiti anachosogezewa ni hicho. Naye hukikalia.