Bei za Juba

Mimi mdomo wangu hauna breki, Koboko nzima inajua. Hata marehemu mume wangu, askari mstaafu, alikuwa ananiogopa. Lakini kudanganya, wallahi, sikuwa na tabia hiyo mpaka siku Mwalimu Zéphyrin aliponiletea habari ya Juba.

Ni Mkongo wa Bunia, anafundisha Kifaransa katika shule ya binafsi hapa mjini, na miaka mitatu sasa amepanga chumba uani kwangu. Mshahara wake shilingi laki nne na nusu za Uganda. Toa kodi, toa chakula, toa sabuni, toa zile anazotuma Bunia kwa mkewe Marcelline na binti yao Sephora. Kinachobaki hakinunui hata viatu. Ndiyo maana hajawaleta. Anawaona mara moja kwa mwaka, Krismasi.

Na mimi mchokozi. "Mwalimu gani huyu, kola imeliwa na panya?" Anacheka tu. Ni Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani mchana hapiki, anasubiri jua lizame aje tule sinia moja. Nilipougua malaria mwaka jana, wanangu wanne wa Kampala walinipa pole kwa simu. Huyu alinichotea maji wiki mbili, akanipikia uji mbaya usio na sukari, nikaunywa wote. Ananiita haboba, yaani bibi kwa Kinubi chetu. Nani alimfundisha? Sijui.

Basi Ijumaa moja mchana akaja na simu mkononi. Shule fulani ya Juba inamtaka: dola mia saba kwa mwezi. Jibu wanalitaka siku ileile.

"Haboba, dada yako iko Juba. Maisha ya kule iko namna gani? Nikilipa nyumba, nikilipa chakula, mutu anabakia na kitu?"

Dada yangu Rehemah anauza chai Juba, na bei zote ananiambia kila wiki. Nilizijua kama majina ya wanangu. Nikafungua mdomo: nyumba ya dola mia mbili nikaiita mia nne. Maji nikayazidisha mara tatu. Unga, mkaa, karo, vyote nikavipandisha, hata nyanya maskini sikuiacha.

"Pesa ya Juba inaliwa hukohuko Juba," nikamaliza. "Utarudi mifupa mitupu."

Aliandika kwenye karatasi, akajumlisha, akaikunja. "Aksanti, Haboba. Umeniokoa."

Umeniokoa! Nikageukia sufuria nisimwone usoni.

Saa kumi akampigia Marcelline, amekaa barazani, mimi napepeta mchele hatua tatu tu kutoka kwake. Akamwambia wasubiri mwaka mmoja tena ndipo waishi pamoja. Mke hakugomba, heri angegomba. Kisha nikasikia sauti ndogo ya Sephora: "Papa, mwaka moja iko siku ngapi?"

"Kidogo tu, mama yangu," akajibu, akakata simu, akafunika uso kwa mikono.

Ungo ukaniponyoka, mchele wote chini.

"Mwalimu, umeshawajibu wa Juba?"

"Bado."

"Basi waambie unakwenda. Mimi mwongo. Nyumba ni mia mbili. Bei ya maji niliitia chumvi, ya nyanya pia. Kwa dola mia saba mtakula watu watatu mshibe, na mtabakiza. Chukua kalamu nikutajie upya."

Akaiweka simu chini. Nilitaka anitukane, ingekuwa afadhali.

"Haboba, kwa nini ulinifanyia vile?"

"Kwa sababu nakupenda, mjinga wewe! Ukienda nitamgombeza nani?"

Nimezaa watoto wanne, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia neno hilo. Lilitoka pamoja na machozi, wala sikuyafuta.

Yeye akainama, akaanza kuokota mchele. Nikampiga bega. "Achana na mchele! Mpigie mtoto, upesi, kabla shetani hajanirudia."

Akapiga, akaongeza sauti ya simu nami nisikie. Sephora alipoelewa alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Nikakaa chini palepale kwenye mchele, nikamsikiliza mtoto wa watu anavyoshangilia kwamba baba yake anaondoka kwangu.