Pembe Nne za Shuka

Kazi yangu ni kufua mashuka ya gesti iliyo mtaa wa pili. Kufua naweza peke yangu, kupiga pasi naweza, ila kukunja shuka la kitanda kikubwa kunataka watu wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule anashika mbili, mnalivuta linyooke, halafu mnaendeana mpaka vidole viguse vidole. Mmoja akiachia, limeanguka, nami nalirudisha kwenye beseni.

Kwa hiyo nilifurahi mjukuu wangu alipokuja kukaa kwangu asome chuo kikuu, akamleta na rafiki yake wakae chumba kimoja. Mjukuu tulimwita Wakili. Uhasibu ndio aliosomea, lakini hata usingizini alikuwa anakata rufaa. Rafiki yake tulimwita Polepole, maana neno lake lilikuwa linafika chai imeshapoa. Huyo mtoto alifiwa na mama yake mwaka wa kwanza wa chuo, baada ya kumuuguza likizo nzima. Tangu hapo likizo zake zote alikuwa anazimalizia kwangu, akiniita Bibi kama mjukuu wa damu.

Walikuwa wanabishana hao, we acha tu. Mtu anaishi ili iweje. Bora kuwa mkweli au kuwa mpole. Wakili alikuwa anamalizia maneno ya mwenzake, tena anayamalizia ovyo. Siku moja nikawawekea sheria.

"Mkiwa mmeshika mashuka yangu, hakuna kumjibu mtu kabla hujamrudishia alichosema. Akubali kwamba hicho ni chake, ndipo useme chako."

"Na kama alichosema ni upuuzi, Bibi?" Wakili akauliza.

"Mrudishie upuuzi wake, umekunjwa vizuri."

Polepole alicheka mpaka akaachia pembe. Beseni likapata kazi.

Wakaizoea. Nilikuwa napiga pasi huku nasikia, "Umesema hivi na hivi, ndivyo?" na mwenzake anajibu, "Hapana, nusu tu, rudia." Nyumba ilikuwa na raha.

Sasa, darasa lao lilikuwa na grupu la simu. Jioni moja wakaanza humo kubishana kuhusu maana ya maisha, na kama mtu asiyeomba Mungu anaweza kuwa mwema. Polepole akaandika kwamba anaweza. Wakili ni mtu wa sala, na wenzake wa maombi walikuwa wanamtazama atajibu nini. Akaandika mbele ya darasa zima: "Wewe uliyeacha kusali tangu umzike mama yako, utatufundisha nini kuhusu maisha?"

Mambo ya mama na sala Polepole alikuwa amemwambia yeye peke yake, chumbani, taa imezimwa. Wengine grupuni wakacheka, wengine wakaanza kumhubiria. Wakili mwenyewe ndiye aliyenisimulia, bado kifua kiko juu.

"Sasa nimekosea wapi, Bibi? Si ni kweli?"

"Ulimrudishia kwanza alichosema?"

Akashika simu, akaanza kuyasoma tena.

Polepole hakugomba. Alihamia kwa mwanafunzi mwingine, kisha tukasikia amepata nafasi chuo cha mji wa mbali. Wakili alimpigia, hakupokea. Akamwandikia samahani, ikasomwa, jibu halikuja. Usiku nilikuwa namsikia akigeuka kitandani, na kile kitanda cha pili kiko kitupu. Kiburi kilimtoka chote, akawa hata kula anakumbushwa. Mimi nilikuwa naomba jambo moja tu: Polepole asiende zake kabla hawajasemezana.

Alikuja Jumamosi asubuhi kuchukua godoro na ndoo yake. Akaniamkia kwa adabu kama zamani. Lakini kwa Wakili hakugeuza macho. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mgongo umenikataa leo. Nikunjieni hata shuka moja, ndipo uende."

Angeweza kukataa. Akaweka mfuko chini, akashika pembe zake. Wakili akashika zake.

"Ulisema..." Wakili akaanza, akakwama. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa anatafuta maneno, na Polepole akamsubiri kama alivyokuwa anasubiri siku zote.

"Hukusema umeacha kusali. Ulisema ukipiga magoti unamwona mama yako kitandani anaomba maji, unashindwa kuendelea. Ulisema hujui kama hali hiyo itaisha. Ukaniomba nikae na wewe tu. Hukuniomba nikujibu. Ndivyo?"

Polepole alikuwa anamtazama sasa. Machozi yalimshuka, hakuyafuta, mikono ilikuwa na shuka.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema. Hakuna ulichopunguza."

Wakaendeana. Vidole vikagusa vidole. Polepole akachukua pembe zote nne, akalikunja mara ya mwisho, akalilaza juu ya mengine na kulipapasa linyooke. Kisha akanikumbatia kwa muda mrefu, akabeba mfuko wake. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshafunga godoro nje.

"Baki salama, Wakili," akasema mlangoni, sauti haina ubaya wowote. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, kwa sababu ningeisikia hasira ningejua bado kuna kitu cha kupoza.

Mkokoteni ulipokata kona, Wakili akaniuliza, "Nimemrudishia chote, Bibi. Mbona ameondoka?"

"Umemrudishia, mjukuu wangu. Lakini sheria yangu ilikuwa ya kukunjia mashuka tu."

Akachukua shuka lililofuata, akashika pembe mbili. Nikashika zangu. Mikono yangu ni mifupi na mgongo haunyooki, na hatukuwa tumefika katikati shuka likagusa sakafu.

Nikalirudisha kwenye beseni.