Nukta Kwenye Kilima cha Kijivu

Kwenye ramani, kilima alikonilelea mama mkubwa kilikuwa cha kijivu, na kijivu maana yake ilikuwa salama.

Tetemeko la ardhi lilikuwa limepita siku mbili kabla. Ofisini tuliweka picha za setilaiti ubavu kwa ubavu, za usiku wa kabla na wa baada, na kompyuta ikapaka nyekundu kila mahali palipopoteza taa. Malori ya uokoaji yalifuata nyekundu. Simu ya mama mkubwa haikupatikana, nami nilikitazama kilima kile roho mkononi. Kompyuta haikudanganya: kule hakukuzimika taa kwa sababu umeme ulikuwa haujawahi kufika.

Niliwahi kumweleza kazi hii nilipokwenda kumsalimia. Alikuwa akipunguza utambi wa taa, maana kwa mafuta ya taa alikuwa bahili wa kupindukia. Chakula tulikimalizia gizani pamoja na mumewe, baba mkubwa, tukigongana vidole sahanini.

"Kwa hiyo huko juu mnatuona?"

"Hamuonekani, mama. Mko gizani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi siku nikikuhitaji, nitawasha."

Sasa, asubuhi hiyo ofisini, picha mpya ya usiku uliopita ilipoingia, mkuu wetu alianza kuisafisha. Tulimwita Fagio, kwa kuwa hakuvumilia nukta ya mwanga iliyosimama peke yake. Kwake huo ulikuwa uchafu wa picha, na mara nyingi alikuwa sahihi. Alifuta moja, akafuta nyingine, kishale kikafika kwenye nukta moja juu ya kilima chetu.

"Hiyo usiifute, bosi."

"Hapo hapajawahi kuwa na taa."

"Ndiyo maana."

Lori la kwenda kilimani lingeondolewa penye wekundu, ambako nako kulikuwa na watu wa kuokolewa. Sote wawili tulilijua hilo. Nikamwambia mama yangu mkubwa yuko pale, na kwamba mwenyewe sijui kama ni akili inayosema au ni damu. Akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Nenda nalo mwenyewe," akasema.

Kule kilimani hakuna nyumba iliyokuwa imesimama. Watu walikuwa wakichimba kwa masufuria, na waokoaji waliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama, kwani chini ya kuta bado kulikuwa na sauti zinazoita. Uani kwetu nilikuta rundo la majivu, bawaba za milango zikiwa bado za moto, na harufu ya mafuta ya taa. Yote mama mkubwa alikuwa ameyamwagia moto. Aliketi kando, mguu umefungwa kitambaa. Nyuma yake, baba mkubwa alikuwa amefunikwa pazia mpaka usoni.

Nilipiga magoti nikalia. Hakunisalimu.

"Umechelewa. Milango imeisha. Kitanda chetu nacho kimeisha."

Pale uani palibaki kitu kimoja tu cha mbao, kimesogezwa mbali na moto: kitanda changu cha utotoni.

"Na hiki, mama?"

Alilitazama pazia.

"Hicho ningekichomaje? Nilijua unakuja. Ungelala wapi?"