Mbono wa Uani

Kamba ilipofika kwenye mbono wa uani, Abilahi akaifunga mafundo mawili, akajipangusa mikono kwenye kikoi.

"Haya, Mwalimu. Kila mtu ajionee. Mbono ule, mbono huu. Mfenesi uko kwangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, pindo la kanga nimeliuma kwa meno. Kamba ya usumba ilitoka kwenye mbono wa mbele, kando ya njia, ikapita ubavuni mwa nyumba yangu karibu iguse ukuta, ikauacha mfenesi na kivuli chake chote upande wa jirani. Mwalimu Hasani, aliyetumwa na Liwali atupatanishe, aliitazama kamba, akanitazama mimi.

Ugomvi ulianzia juu, kwenye matawi. Fenesi moja lililoiva lilianguka adhuhuri, likatoboa makuti ya Abilahi, likatua katikati ya sinia la wali. Mkewe, Adija, akatoka nje, vidole vimejaa ulimbo wa fenesi: "Bi Kazija! Kitoweo umeleta, hodi hukupiga?" Tulicheka siku ile hadi tukashika mbavu. La pili lilipoanguka pembeni mwa mkeka aliolala mwanawe mchanga, hakuna aliyecheka. Nikawaambia matawi yakatwe, hata kesho, na mkataji nitamtafuta mwenyewe.

Yangeishia hapo. Lakini ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Hitla viishe, na bwana afya alikuwa akizunguka Kivinje na kofia yake ngumu, akitia alama ya chaki kwenye mlango wa kila nyumba isiyo na choo. Mlango wa Abilahi ukapata alama. Kiwanja chake ni chembamba; nyuma yake mikoko na tope. Mahali pa wazi, mbali na jiko na kisima, palikuwa mahali pamoja tu: chini ya mfenesi. Maneno yakashuka kutoka matawini hadi kwenye shina, na kutoka shinani hadi ardhini.

Na kwetu mpaka ni mbono. Unakata tawi, unalichomeka, linashika. Mbuzi hauli, jua haliui. Mtu akiuona mbono kati ya nyumba mbili haulizi. Kwa hiyo waliouona mbono wa uani kwangu waliona mpaka.

Aliyeupanda ni Bi Mboni, mama mkwe wangu, na hakuupanda kwa ajili ya mpaka.

Miaka hiyo Salumu, mume wangu, alikuwa Lindi, kwenye mashamba ya mkonge. Uchungu ulinishika kabla ya miezi yake. Mkunga alikuwa hajafika, Bi Mboni akanipokea mwenyewe. Nakumbuka harufu ya ubani. Nakumbuka mgongo wake, kwa maana alikuwa amenigeuzia mgongo. Kisha kikatokea kitu: sauti fupi, nyembamba, mara moja.

"Analia," nikasema.

"Ni mlango, mwanangu. Hakulia."

Akamfunga mtoto kwa kipande cha bafta, akatoka naye. Nilipoweza kusimama nikaona uani kijiti kimechomekwa, kina majani mawili. "Nimetia alama, mbwa wasifukue," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Salumu aliporudi aliambiwa mimba iliharibika. Hatukupata mwingine. Bi Mboni akafa, Salumu naye akafa, nikabaki na nyumba na mfenesi uliojiotea karibu na mbono ule. Watu waliyasifu mafenesi yake kwa utamu. Niliyagawa yote, mimi mwenyewe sikuwahi kuonja. Na katika sala, nikiwa kwenye sijida, paji la uso mkekani, mara nyingi nilijikuta sisemi kitu. Natega sikio ardhini.

Abilahi alikuwa amekwisha kulichukua jembe.

"Bi Kazija, kunyamaza kwako ni ridhaa?" akauliza Mwalimu.

"Aridhie asiridhie," Adija akadakia, mtoto kiunoni. "Mtu hana mwana wala mjukuu, ardhi yote hii ya nini? Ataizaa?"

Nikavuka ua, nikasimama mbele ya mbono.

"Usichimbe. Hapa pana mtu."

Nikawaeleza ya mtoto kwa maneno machache, kwa sababu mengi sikuwa nayo. Kuku walikuwa wakiparua chini ya mfenesi, hata nao nikatamani wanyamaze. Mwalimu Hasani akachuchumaa, akaugusa mbono, kisha akainua uso. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Mama, alilia?"

Nilisoma hadi darasa la nne, na chuo cha Kurani nilihitimu, najua uzito wa swali lile. Kama hakulia, hana jina wala hasaliwi. Mifupa yake yaweza kuinuliwa ikazikwe kwingine, na choo kikachimbwa. Kama alilia, hata mara moja, basi alikuja duniani Mwislamu, jina lilikuwa haki yake, na sala ilikuwa haki yake, na kaburi lake halisogezwi. Na Bi Mboni alimnyima yote hayo.

"Nilisikia kitu, Mwalimu."

"Kilio?"

"Bi Mboni alisema mlango."

"Sikuulizi alisema nini. Waweza kuapa?"

Neno moja tu. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na mwanangu alikuwa chini ya miguu yangu akilingoja. Lakini Mungu nami tunajua nilichosikia, na nilichosikia ni kitu. Sikujua ni nini.

"Siwezi kuapa," nikasema.

Abilahi si mtu mbaya. Alilaza jembe chini, akafumba na kufumbua macho. Mwalimu akaanza, "Basi tutamwinua kwa heshima..."

"Alilia."

Tuligeuka wote. Adija alikuwa amemhamishia mtoto kiuno cha pili.

"Nilikuwa bibi harusi, naanua nguo pale ukutani. Alilia mara moja, akanyamaza."

"Adija!" mumewe akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe hata vilio vya wanao husikii."

"Utaapa?" Mwalimu akamuuliza.

"Wallahi," akasema Adija. Hakupepesa jicho. Wala hakunitazama.

Mwalimu akafungua mafundo mawili ya Abilahi, akaizungusha kamba mkononi. Baada ya alasiri wanaume wakaja, wakajipanga uani kuelekea kibla, Abilahi safu ya mbele.

"Jina lake nani?" Mwalimu akauliza.

"Yunusu." Nilijibu upesi, kama mtu anayeulizwa kila siku.

Mfenesi tuliuangusha wiki ile, mtoto wa jirani alale salama. Choo Abilahi alikichimba chini ya dirisha lake mwenyewe, na bwana afya alipouliza kwa nini pale, akamwambia pale pa wazi pana mwenyewe.

Sauti haikuondoka. Wakati ilipokuwa mlango niliweza kuikimbia, nikafagia, nikatwanga. Sasa ina jina, nikiisikia hukaa nayo. Ila la Adija ndilo lililonikosesha raha. Kama alisikia kweli, aliwezaje kunisema vile, miaka yote, mgumba, mgumba? Na kama hakusikia, basi kiapo kile kiko shingoni mwake, na amekibeba kwa ajili yangu.

Tulikuwa tukitoka kisimani, sisi wawili, mvua za kwanza zimenyesha na njia inateleza. Nikasema, "Adija. Siku ile..."

Hakusimama.

"Mama Yunusu," akasema, "shika ndoo vizuri, maji yanamwagika."

Nikaishika.