Mwalimu Juliana na Njia ya Mfereji

Fundi Gervas alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu akikipenda, lazima akipige niru, ile saruji laini ya kung'aa. Jiko la mkewe alilipiga niru, kaburi la baba yake niru, hata sakafu ya banda la kuku niru. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipomwomba ajenge njia ya mteremko ili Mwalimu Juliana apande shuleni na kiti chake cha magurudumu, hakuna aliyeshangaa kuona saruji nyekundu iliyosuguliwa siku mbili mpaka inang'aa kama sahani.

Shule yenyewe imekaa ubavuni mwa mlima, juu huko Mgeta, na kutoka barabarani kuna ngazi kumi na tisa. Gervas aliupitisha mteremko wake kando ya ngazi hizo, wima, kutoka chini mpaka mlangoni. Angeupitisha wapi kwingine? Watu wa huku hupanda wima na tenga la kabichi kichwani, na wakifika juu bado wana pumzi za kugombana. Tangu azaliwe, miguu ya Gervas haikuwahi kumwambia kwamba pale ni pakali.

Mwalimu Juliana naye alikuwa akipanda hivyohivyo, hadi mwaka juzi lori la mboga alilopata lifti kwenda mjini lilipopinduka. Alilala hospitali miezi mingi, akarudi na kiti. Sasa wakubwa wa elimu walikuwa wamemwandikia barua ya upole: shule ikifunguliwa mwezi wa saba, kama hawezi kufika darasani mwenyewe, atahamishiwa ofisini mjini. Mtu aliyefundisha darasa la tatu miaka kumi na minne, aliyewatoa ujinga nusu ya kijiji, akapange mafaili!

Siku ya kuujaribu mteremko kulikuwa na ukungu. Mwalimu mkuu, Bartholomeo, alikuja ameshika simu tayari kupiga picha. Juliana akasukuma magurudumu, akapanda kidogo, akateleza akarudi. Akajaribu tena, ikawa yale yale. Mara ya tatu kiti kilitaka kumwangusha chali, wanaume wanne wakakidaka, wakakisukuma mpaka juu, na watu wakapiga makofi.

"Asanteni sana," alisema Juliana, kisha akamgeukia fundi. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Umenijengea kitu cha kupendeza. Sasa kesho nikija peke yangu?"

"Wanaume tupo, mwalimu. Tutakusukuma kila siku."

"Leo mpo. Msimu wa viazi ukianza mkahamia mashambani, nitakaa hapa chini na chaki yangu nikiwasubiri?"

Maneno hayo yalimchoma Gervas. Alirudi nyumbani amenuna, akamwambia mkewe kwamba wasomi hawana shukrani. Lakini asubuhi yake alitoka na toroli, akapakia mfuko mmoja wa saruji, akaenda kuusukuma juu ya mteremko wake mwenyewe, huku akitazama nyuma asije akaonwa. Hakufika hata nusu. Soli za viatu zilikuwa zinateleza, toroli likamrudia tumboni, mfuko ukapasuka. Alikaa chini pale na saruji usoni, akaona haya kama mtoto aliyekojoa darasani.

Akajifuta, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya mwalimu, iliyo kando ya barabara hiyohiyo, mwendo kidogo kutoka shuleni.

"Mwalimu, nimekosea. Nielekeze."

Juliana hakumcheka. Alijisukuma hadi nyuma ya nyumba, ambako mfereji wa kumwagilia bustani ulikuwa ukipita polepole kati ya migomba.

"Fundi, maji haya yanatokea wapi?"

"Chemchemi ya juu. Yanapita nyuma ya shule, yanakuja hapa."

"Yanafikaje hapa bila kukimbia na kubomoa kingo?"

Gervas aliinama kuutazama mfereji. Miaka thelathini amechota maji ya mfereji ule kukorogea saruji, na hakuwahi kujiuliza.

"Marehemu baba ndiye aliyeuchora," alisema Juliana. Marehemu Kasiani, baba yake, alijulikana Mgeta nzima kwa kupitisha mifereji kwa macho tu. "Mimi nilikuwa namfuata na kibuyu cha maji. Anamwaga kidogo, anatazama. Yakikimbia, anasogeza mstari. Yakisimama, anasogeza tena. Ameyazungusha mlima mzima taratibu. Sasa panapoteremka maji bila haraka, mimi napanda bila kusukumwa. Nipe ukingo wa mfereji huu, fundi. Ufanye mpana nipite."

"Lakini unatokea nyuma ya darasa. Nyuma hakuna mlango, kuna dirisha."

"Wewe si fundi? Toa dirisha."

Gervas alimtazama mwanamke yule, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alijiona mwanafunzi. Wala hakuona vibaya. Alishangaa tu kwamba mtu aliyepoteza nguvu za miguu ndiye aliyeijua njia ambayo wao wenye miguu walikuwa wakiivuka kila siku bila kuiona.

Walifanya kazi wiki tatu za likizo. Wanachama wa kikundi cha mfereji walikuja na majembe, kina mama wakabeba kokoto. Juliana alitangulia na kiti kadiri ukingo ulivyopanuka, chupa ya maji mapajani. Akimwaga, kila mtu anainama kutazama. "Hapa chimbeni." "Hapa jazeni." Gervas aliweka pima maji lake nyuma yake kuhakikisha, akakuta mwalimu hajakosea hata mara moja. Siku ya nne aliliacha nyumbani.

Walipofika kwenye kumwaga saruji, mkono ulianza kumwasha Gervas.

"Nikupigie niru kidogo tu, mwalimu, hapo mlangoni palipokuwa na dirisha."

"Niru kapige sebuleni kwako. Hapa nipigie ufagio."

Akaikwaruza saruji mbichi kwa ufagio wa chelewa, ikabaki na mistari ya kushika magurudumu. Iliumiza macho yake, lakini aliifanya kwa moyo mmoja.

Siku ya kufungua shule, afisa kutoka wilayani alikuja na fomu yake. Alisimama chini ya ngazi, mbele ya ule mteremko mwekundu, maana ndio aliouona kwenye picha aliyotumiwa. Bartholomeo alijaribu kumweleza habari za nyuma, lakini afisa alikuwa na hotuba, na hotuba yake haikuwa na nafasi ya kuingiza neno. Kijiji kizima kikasimama pale kikimsikiliza.

Gervas peke yake alikuwa kwenye mfereji, kona ya pili. Alimwona Juliana anakuja, mikono inazungusha magurudumu, daftari la mahudhurio mapajani. Pale kwenye kona udongo wa ukingo ulikuwa umetitia kwa manyunyu ya jana, saruji ikainama, gurudumu moja likazama. Kiti kikasimama. Gervas aliruka hatua moja mbele.

Juliana alimtazama tu.

Gervas akarudi alikotoka, akafunga mikono nyuma ya mgongo, akaikamata kwa nguvu isije ikamponyoka. Mwalimu akarudi nyuma kidogo, akasogea upande wa ndani, akasukuma. Jasho lilikuwa linamtoka. Akasukuma tena. Gurudumu likatoka, kiti kikaendelea kupanda, kikapotea nyuma ya ukuta. Fundi mzima, ana wajukuu, alisimama pale akilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Kule mbele afisa alikuwa bado anahutubia ndipo ikasikika kutoka darasani sauti ya watoto hamsini na wawili: "Shikamoo, mwalimu!"

Afisa akaikatiza hotuba. Akazipanda ngazi zote kumi na tisa kwa haraka, akafika mlangoni ameshika kifua. Juliana alikuwa ubaoni, anaandika tarehe.

"Mwalimu... umepitia wapi?"

"Nimefuata maji, bwana afisa. Karibu, ukae. Wewe umepitia wapi mbona unahema hivyo?"

Watoto walicheka, na afisa, mtu mwema kumbe, akacheka nao. Akajibana kwenye dawati la nyuma, akaijaza fomu: mwalimu abaki kituoni kwake.

Mchana, Bartholomeo alimkuta Gervas mbele ya shule na nyundo kubwa, anauvunja mteremko wake mwekundu.

"Fundi, uache! Wageni wakija tutapigia picha wapi?"

"Wapelekeni nyuma," alijibu Gervas, bila kuinua kichwa.

Aliuvunja wote, mpaka kipande cha mwisho chenye kung'aa. Vifusi akavipakia kwenye toroli, akavisukuma kwa njia ya mfereji hadi kona ya pili, akaanza kujaza pale palipotitia.