Mwani wa Baba Nyuma ya Jiko

Hapa kwetu Chanika, Handeni, tunajua harufu ya vumbi na ya moshi. Sasa niambie, harufu ya pwani ilitoka wapi nyuma ya jiko letu? Kila asubuhi shombo la bahari, na mama yangu Bernadina kazikwa palepale karibu. Mama alikufa ghafla, mafuta yamemziba mishipa ya moyo, na bahari yenyewe hakuwahi kuiona.

Mafuta hayohayo sasa yalikuwa kwenye damu ya baba, Mzee Mhina. Vidonge alivitupa, eti vinamuuma misuli. Nilipochoka kubishana naye, Mama Vimla, mwenye duka kule Korogwe, akanionyesha unga uliotengenezwa kwa mwani wa kahawia, ule unaoliwa.

"Yusta, huu si muujiza," aliniambia. "Unasaidia kidogo kushusha mafuta. Muulize daktari kwanza."

Nikamuuliza. Daktari akasema bora vidonge, lakini kama mzee kagoma kabisa, basi ajaribu huo mwani, aache nyama za mafuta, kisha arudi kupimwa.

Basi nikawa namkorogea kwenye uji. Baba anachukua kikombe, anatoka kuota jua, anakirudisha kitupu. Nami nafurahi, mjinga mimi! Tuliporudi kwa daktari kule Korogwe, mafuta yalikuwa yamepanda.

"Mama, huyu mzee anakwenda," daktari aliniambia pembeni. "Moyo wake si wa kuchezea."

Kesho yake nikamfuata baba kimyakimya. Nikamwona ameinama nyuma ya jiko, anamwaga uji chini polepole huku anaongea. Wazee wetu humwagia marehemu kidogo kabla ya kula, hilo nalijua. Lakini kidogo! Baba alimwaga wote, akakung'uta na kikombe.

"Baba! Unajiua?"

Wala hakushtuka. "Mama yako alikufa kwa ugonjwa huuhuu, hatukumpa chochote. Leo mimi ninywe peke yangu?"

"Mama keshakufa, baba! Atapona nini?"

"Anakuja," alisema. "Ananiita. Nimechoka kunyamaza, Yusta. Iko siku nitaitika."

Kwetu mtu haitikii sauti ya asiyemwona. Ukiitika umekubali kwenda, hata mtoto mdogo anajua. Nilimpenda mama, jamani, lakini siku ile nilimchukia. Alikuwa na haraka gani?

Toka hapo uji akawa anaunywa mbele yangu, kwa ugomvi, kama mtoto anayelishwa dawa ya minyoo. Nyuma ya jiko nikapazuia kabisa. Ardhi ikakauka, harufu ikaisha.

Jumapili moja mchana, jua kali, tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Ile harufu ikarudi, nzito, na hakuna mtu aliyemwaga kitu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya jiko, ya mama kabisa, na lafudhi yake ya Kizigua.

"Baba Yusta!"

Niliisikia kwa masikio yangu haya. Baba aliacha gunzi. Uso wake ukawa wa kijana aliyeitwa na mchumba wake, Mungu wangu, sijawahi kumwona na furaha ile. Akafungua mdomo.

"Abee, mama!" nikapiga kelele mimi.

Baba akanishika mabega.

"Yusta, umefanya nini? Umeitika!"

"Nimeitika. Ulitaka kuitika wewe, nimekuwahi."

Alilia vile ambavyo hata msibani hakulia.

Tangu siku ile mama hamwiti baba tena. Ananiita mimi, mchana kweupe, nikifua, nikichambua mboga. Naogopa, sitaki kuwadanganya. Situlii, lakini siitiki tena wala sigeuki.

Mafuta ya baba yameanza kushuka. Daktari kafurahi, Mama Vimla naye kafurahi. Hakuna anayemlazimisha baba siku hizi. Anakunywa uji wake wote, na vile vidonge alivyovichukia amevirudia mwenyewe. Misuli inamuuma, wala hasemi. Akimaliza anavuta kigoda, anakaa karibu yangu, ananishika mkono. Anasema hana ruhusa ya kufa sasa, kwa sababu akiondoka, nani atanishika mama akiita?