Damu ya Fizi

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila akipiga mswaki alitema povu jekundu. Fizi zilimvimba hadi akawa anatafunia upande mmoja.

"Mimba haikosi visa, mwanangu," mama mkwe alimtuliza. "Ukijifungua yatakwisha."

Neno la mkubwa halipuuzwi, akaendelea kushona. Kisha kichwa kikaanza kumgonga, miguu ikavimba asiweze kuvaa viatu, na siku moja akaona sindano mbili mahali penye moja. Mumewe alimkimbiza hospitali. Mkunga akampima presha, akapima tena, akamwita daktari.

Walimpasua mchana ule ule. Yeye alipona. Mtoto, wa kike, alipumua mpaka jioni.

Kesho yake daktari aliziona fizi zile, akauliza zilianza lini kutoa damu.

"Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizokuletea presha," alisema. "Lakini wajawazito wenye ugonjwa wa fizi hupatwa nayo zaidi. Ulipaswa kutibiwa."

"Kumbe mjamzito hutibiwa meno?"

"Hutibiwa, mama, wala hadhuriki."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, alijifunika uso kwa mtandio. Fundi alijisogeza, akampisha akae karibu. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka, na hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumwambia.